Duara Lisilo na Nukta

Siku hizo njia ya chuma ilikuwa haikomei Kampala.
Ilikwenda, ikaenda, ikavuka mto Ubangi,
ikachimba mchanga hadi Agadezi, Dola ya Tenere,
ambako, walisema, mvua ni hadithi ya shangazi.
Landrova zao zilitujia Mombasa kwa reli
na kwa reli ileile zikarudi vitani.

Karakana ilikuwa Shimanzi, nyuma ya matangi ya molasi.
Tangi la tatu lilipasuka, Kartari Singh akalinunua
kwa bei ya chuma chakavu,
na humo ndimo tulimokata mbavu za magari.
Dzombo alichomelea. Mghanga alikunja.
Jua likiwaka, bamba lilinuka sukari iliyoungua;
nyuki walitufuata hadi kwenye mnara wa bunduki.

Madirisha: nyufa za vidole vitatu.
Viti: ngozi ya ngamia juu ya magunia ya kahawa.
Mbele, kipande cha reli kukinga rejeta.
Mchoro haukuwapo. Dzombo alipima kwa shubiri
na pale shubiri ilipogoma, alikisia.
"Hili litakuwa zito kama deni la msiba," alisema.
Likawa zito. Springi zililia.

Mimi kazi yangu rangi.
Nilizoea mikokoteni ya Mwembe Tayari,
HASIDI HANA SABABU, kwa nyekundu, na ua pembeni.
Ghumur ag Iliyasi, kilemba kimemfika machoni,
buluu yake ikimchujia mashavuni,
alinipa karatasi iliyokunjwa mara nane.
Mwandiko wa mamake. Kwao wanawake ndio walimu wa herufi.
Msalaba. Kitu kama kikuku kilichovunjika. Duara.
"Soma."
"Sijui."
"Temira. Ndilo jina lake. Mlangoni, upande wa dereva."

Nikaandika kwa rangi nyeupe ya meli.
Duara nililizungushia kifuniko cha kopo la samli.
Akacheka: mama hajapata kunenepa hivyo.

Miezi saba.
Kisha mabehewa ya wazi yakarudi na magari manne kati ya tisa,
mchanga umejaa hata ndani ya taa.
Mghanga aliuzoa, akaupeleka kwake kusugulia sufuria.

La Temira lilikuwa la mwisho.
Tundu moja tu mlangoni,
katikati ya duara, katikati kabisa,
kama kwamba mpigaji alitumia bikari.

Aliyelileta si Ghumur. Ni kijana, nduguye wa tumbo moja.
Trekta ililivuta kutoka stesheni
naye ameketi upande wa abiria njia nzima,
kiti cha dereva kitupu,
usukani ukijizungukia wenyewe.
Sikuuliza.

Nikakoroga puti ili nizibe.
Akanishika kiwiko.
"Duara tupu ni ra. Likitiwa nukta ni sa.
Hapa hapasomeki tena Temira.
Panasomeka temse."
"Ndiyo nini?"
"Moto."

Dzombo akavua miwani yake myeusi.
Kartari akauliza, kwa sauti ya chini, bili aiandike kwa jina la nani.
Kijana akautazama mlango muda mrefu,
winchi za Kilindini zikishusha ngano ya watu wengine.
"Zibeni," akasema. "Mama yuko hai."

Tukaziba. Dzombo alisaga mpaka bamba likang'aa,
nami nikarudisha duara, kwa kifuniko kilekile.
Ukipitisha kidole utalikuta kovu.

Ijumaa, Bi Mwanaesha wa Majengo akaniletea ubao wa genge lake:
UJI MOTO, senti ishirini.
Nikamaliza UJI. Nikaanza M. Nikazungusha O ya kwanza,
brashi ikasimama juu ya ule uwazi,
tone likivimba kwenye ncha yake,
na bi mkubwa, mkono kiunoni,
ananiuliza, kulikoni, fundi,
rangi imekuishia?